Kampuni ya kigeni si kampuni ya mgeni: kisa cha duka moja na fomu ya FinCEN

Kisa hiki ni cha mwanamke mwenye duka la vyakula vya kwetu katika mji mmoja wa Marekani: unga wa muhogo, dagaa, sombe (kisamvu) iliyogandishwa, mawese kwenye madumu, vitenge vimetundikwa juu ya friji. Nimeondoa jina lake, mji, jimbo na kiasi alicholipa. Nitamwita Mama Duka tu. Mimi ni miongoni mwa watu watatu tunaosaidia Waswahili wa hapa kujaza kodi na kusoma barua za serikali, na sentensi iliyomponza niliiandika mimi. Naieleza kwa sababu ilikuwa sahihi kisheria, na bado ikampoteza.

Usuli

Tarehe 1 Januari 2021 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Uwazi wa Kampuni, ikiwa imefungwa ndani ya sheria kubwa ya mambo ya ulinzi. Shabaha yake ilikuwa watu wanaoficha fedha chafu nyuma ya kampuni za makaratasi. Kazi ikapewa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha kinachopambana na utakatishaji wa fedha, nacho kikatunga kanuni iliyoanza kutumika 1 Januari 2024. Kila kampuni inayohusika ilitakiwa kumtaja "mmiliki manufaa" wake: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anuani ya nyumbani, namba ya kitambulisho na picha yake. Neno hilo la mmiliki manufaa nimelichukua kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, kwani Tanzania nayo inadai taarifa za namna hii, na Kenya pia.

Mmiliki manufaa ni mtu mwenye angalau asilimia 25 ya kampuni, au mwenye kauli kubwa ndani yake hata kama hana senti. Kampuni iliyohusika wakati huo ilikuwa ile iliyozaliwa kwa kupeleka karatasi kwenye ofisi ya jimbo, yaani LLC (kampuni inayotenganisha madeni ya biashara na mali ya mwenyewe) na ndugu zake, pamoja na ile ya nchi nyingine iliyojiandikisha kufanya biashara jimboni. Dereva anayefanya kazi kwa jina lake bila kufungua kampuni hakuguswa. Kulikuwa na misamaha ya aina 23, mmojawapo wa kampuni yenye wafanyakazi wa muda wote zaidi ya 20 na mapato ya zaidi ya dola milioni 5 kwa mwaka. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kuwasaka vigogo ikaja kumbana muuza dagaa. FinCEN yenyewe ilikadiria kampuni zaidi ya milioni 32 zingepaswa kujaza mwaka wa kwanza.

Kampuni za kabla ya 2024 zilipewa hadi 1 Januari 2025. Adhabu kwa anayekaidi kwa makusudi: faini ya dola 500 kwa siku, ambayo kwa kupanda kwa bei ilikuwa imefika 591 mwaka 2024, na mahakamani hadi dola 10,000 na kifungo cha miaka miwili. Kujaza kulikuwa bure.

Mama Duka alitoka Kivu ya Kusini akapitia kambini Tanzania, akaja Marekani kama mkimbizi. Ana kadi ya kijani, uraia bado. LLC yake aliifungua mwaka 2022.

Novemba 2024: kikao cha ukumbini

Tulikusanya watu kama arobaini kwenye ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya ibada. Tuliandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mstari wa kwanza, kwa herufi nene, ulitaja faini ya dola 591 kwa siku. Mstari wa nane ulisema kujaza ni bure. Naomba msomaji aukumbuke mpangilio huo.

Mama Duka alibaki kunisubiri baada ya watu kutawanyika. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amempa karibu nusu ya fedha za kuanzia. Jina lake halimo popote kwenye karatasi za duka. Je, ni mmiliki?

"Alinisaidia mtaji," alisema.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapoficha jambo. Kusaidia mtaji kunaweza kuwa zawadi, mkopo au hisa, na kwenye familia hakuna anayeuliza ni kipi, maana kuuliza ni kama kumtilia mtu shaka. Nikajaribu njia nyingine: "Mama, duka likiuzwa leo, shemeji anapata nini?"

Akanitazama kama nimetamka tusi. "Atapata kilicho chake."

Na kilicho chake ni nini? Hakujua. Tukaamua asijaze siku hiyo. Sababu ilikuwa rahisi: fomu ile mtu anaapa kwamba taarifa ni za kweli na kamili, na yeye asingeweza kuapia jambo ambalo hajawahi kulizungumza na shemejiye. Tukapanga aonane naye kwanza, kisha tukutane 5 Desemba.

Desemba hadi Machi: bembea

Tarehe 3 Desemba, siku mbili kabla ya miadi yetu, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas alitoa zuio la nchi nzima dhidi ya sheria hiyo. Nikatuma picha kwenye kundi la WhatsApp: "IMESIMAMISHWA. Msijaze mpaka tuwaambie." Herufi nyekundu. Nilijiona mjanja.

Tarehe 23 Desemba Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio, FinCEN ikasogeza mwisho hadi 13 Januari. Nikatuma ujumbe kwamba imerudi. Tarehe 26, watu wakiwa bado na mabaki ya pilau ya Krismasi, jopo jingine la mahakama ileile ya rufaa likalirudisha zuio. Nikatuma ujumbe kwamba imesimama tena. Mzee mmoja akanijibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Kijana, pumzika."

Tarehe 23 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikaliondoa zuio hilo, lakini palikuwa na amri nyingine ya mahakama ya Texas, ya 7 Januari, iliyobaki imefunga njia. Nayo ilisimamishwa 18 Februari, FinCEN ikatangaza mwisho mpya: 21 Machi. Tarehe 27 Februari ikasema haitatoza faini kwanza, kanuni nyingine inakuja. Tarehe 2 Machi Wizara ya Fedha ikatangaza kwamba haitawaadhibu raia wa Marekani, wala kampuni za ndani au wamiliki wake. Tarehe 21 Machi FinCEN ikatoa kanuni ya muda, ikachapishwa 26 Machi kwenye gazeti la serikali ya shirikisho: kampuni zote zilizoundwa Marekani zimeondolewa. Walibaki wale ambao kanuni inawaita kampuni za kigeni, wengi wao wakiwa na mwisho wa 25 Aprili.

Wakati wote huu Mama Duka hakujaza kitu, na kwa kila tarehe hakuwa na kosa.

Machi na Aprili: sentensi yangu

Baada ya kanuni ya Machi niliandika hivi kwenye kundi:

"Kampuni za ndani zimeondolewa kabisa. Kampuni za kigeni bado zinatakiwa kutoa taarifa za wamiliki, mwisho ni 25 Aprili."

Kwa mwanasheria, sentensi hiyo haina doa. Kampuni ya kigeni, katika kanuni hii, ni ile iliyoundwa kwa sheria za nchi nyingine kisha ikasajiliwa kufanya biashara katika jimbo la Marekani. Kampuni ya meli ya Mombasa iliyojiandikisha New Jersey ni ya kigeni. LLC iliyofunguliwa jimboni ni ya ndani, hata mwenyewe awe na pasipoti ya nchi gani.

Mama Duka hakuisoma hivyo. Alisoma "kigeni", akajiona yeye. Miaka yake yote tangu aikimbie nyumba yake, neno hilo limekuwa lake: mgeni kambini, mgeni kwenye foleni ya mahojiano, mgeni kwa jirani mpya. Halafu alikuwa amesikia redioni tangazo la 2 Machi kwamba raia wameachiwa. Yeye si raia. Mambo mawili yakaungana: wenyewe wamesamehewa, wageni bado.

Chini ya mashine ya kuhesabia pesa alikuwa na barua iliyofika Februari. Nimeiona baadaye. Karatasi nzito, tai juu, anuani inayofanana na ya ofisi ya serikali, namba ya fomu, na msimbo wa mraba wa kuskani kwa simu. Jina la duka limeandikwa sawasawa, kwa sababu majina ya kampuni yapo wazi kwenye daftari la jimbo na yeyote anaweza kuyanakili. FinCEN ilikwisha kutoa tahadhari kuhusu barua za namna hii: haitozi ada, na haiwatumii watu barua za kuwataka waskani msimbo. Tahadhari hiyo tuliijua. Kwenye ukurasa wetu haikuwemo.

Tarehe 22 Aprili, usiku baada ya kufunga duka, aliskani. Akajaza namba ya kadi ya benki. Akapiga picha kadi yake ya kijani, mbele na nyuma. Akamlipia na shemeji, kwa kuwa ada ilikuwa kwa kila mmiliki.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini na risiti imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, uso umetulia.

"Nimemaliza, kaka. Miye sitaki maneno na leta." Yaani serikali.

Nikamuuliza kwa nini alilipa wakati duka lake limeondolewa.

"Si miye niko mugeni? Njo vile muliandika."

Maamuzi ya saa za mwanzo

Hatukumwambia neno la lawama, na kwa kweli hakustahili. Alipiga simu benki papo hapo, kadi ikafungwa. Kisha tukafungia taarifa zake za mikopo kwenye kampuni zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion, jambo ambalo ni bure kisheria tangu 2018. Picha ya kadi ya kijani ikishatoka haiwezi kurudishwa, hivyo hofu yetu kubwa ilikuwa mtu kuchukua mkopo kwa jina lake, kuliko zile fedha za ada. Tukatoa taarifa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho. Mwisho tukaangalia daftari la jimbo kuona kama kuna aliyebadilisha anuani ya kampuni. Hakuna aliyebadilisha.

Shemeji naye tulimpigia, kwa kuwa tarehe yake ya kuzaliwa na anuani vilikuwa vimekwenda kulekule. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alikuwa hajui kwamba ametajwa.

Matokeo

Benki ilikataa mara ya kwanza, ikisema mwenye kadi aliidhinisha mwenyewe. Tuliandika barua, tukaambatanisha risiti na tahadhari ya FinCEN, nao wakarudisha fedha za kadi. Kufikia wakati naandika hakuna mkopo uliojitokeza kwa jina lake, na taarifa bado zimefungwa. Duka linaendelea.

Kuna tukio dogo la pembeni ambalo nusura liwe kubwa. Mwanamume mmoja wa kundi lile, mwenye kampuni ya usafi, alisikia kwamba fomu imefutwa akaacha pia kupeleka taarifa ya mwaka ya jimbo, ile ya kuifanya LLC iendelee kuwa hai. Alidhani ni mambo ya serikali ileile. Tuliligundua zikiwa zimebaki siku chache.

Uchambuzi

Kosa la kwanza ni neno kigeni, na sitalizunguka. Nilidhani kufafanua ni kubadilisha maneno magumu kwa mepesi. "Kigeni" ni jepesi, kila mtu analijua. Tatizo ni kwamba kila mtu analijua kwa maana nyingine. Neno gumu lingemfanya aulize. Neno rahisi lilimfanya aamini ameelewa. Tangu siku ile naogopa zaidi maneno ambayo hakuna anayeniuliza maana yake. "Ndani" nayo ilikuwa mbaya vilevile: ndani ya nini?

Isitoshe, sentensi yangu ilianza na aina ya kampuni. Hakuna mtu dukani anayeifikiria kampuni yake kwa aina. Anakumbuka alichofanya: alikwenda wapi, alijaza nini, alilipa nani. Sentensi tunayotumia sasa inaanzia huko:

"Ulipofungua kampuni yako, karatasi ulipeleka wapi? Kama ni kwenye jimbo lolote la Marekani, fomu hii ya FinCEN haikuhusu, hata kama wewe si raia. Kama kampuni ilisajiliwa kwanza Kongo, Tanzania, Dubai au nchi nyingine, kisha ikaandikishwa kufanya kazi Marekani, njoo tuzungumze."

Ni ndefu mara mbili. Kabla ya kuituma tuliwasomea watu watatu, tukawaomba watueleze kwa maneno yao. Wawili walieleza sawa. Wa tatu akauliza, "Na kama niliifungulia kwenye simu?" Tukaongeza: "hata kwa mtandao". Dakika kumi za kazi, ambazo mwezi Machi sikuzitumia kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza kutoa habari.

La pili ni tarehe. Ile picha nyekundu ya "IMESIMAMISHWA" haikuwa na tarehe. Niliituma 3 Desemba, nikaiona tena Machi ikitoka kwa mtu wa jimbo jingine nisiyemjua, ikiwa imeambatana na dua na emoji. Ujumbe wa WhatsApp hauna mwenyewe anayeweza kuurudisha. Pia tuliandika tangazo la Wizara kama "3/2", kwa mtindo wa Kimarekani, na watu waliosoma Kongo na Tanzania wakalisoma kama tarehe tatu mwezi wa pili. Wakaona kwamba limekuja kabla ya kutangazwa ule mwisho mpya wa 21 Machi, si baada yake, kwa hiyo wakahitimisha kuwa msamaha ulikwisha kufutwa. Sasa tunaandika "tarehe 2 mwezi wa tatu 2025", na mstari wa mwisho wa kila ujumbe ni siku ya kuangalia upya.

Hofu ya mstari wa kwanza ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa uamuzi, si uzembe. Tulikaa watatu mezani tukasema watu wetu hawasomi mpaka waogope. Tukaogopesha. Faini ya 591 kila mtu aliikumbuka. "Bure" ya mstari wa nane hakuna aliyeikumbuka. Ndiyo maana barua ya matapeli ilimkuta Mama Duka tumekwisha kumwandaa sisi wenyewe: ilitaja faini ileile, kwa lugha ileile ya vitisho. Tungeanza na "Serikali haikutozi senti kwa fomu hii, anayedai fedha ni mwizi", barua ingeanguka kwenye pipa Februari.

Nne, tulisema "serikali" bila kusema ipi. Kwetu serikali ni moja, na Wakongo huiita leta, nayo ni moja pia. Marekani ziko mbili zinazomgusa mwenye duka, ya Washington na ya jimbo, na ya kwanza ikiondoa fomu yake ya pili haijaondoa chochote. Yule wa kampuni ya usafi hakuwa mjinga. Tulimpa neno moja kwa vitu viwili. Kosa hilihili tulilifanya kwa "imefutwa". Kilichobadilika Machi ni kanuni ya FinCEN, tena ya muda. Sheria ya Bunge ya 2021 haijafutwa na kanuni hiyo. Kwa mwenye duka tofauti haina uzito wa leo, lakini akiambiwa "imefutwa" na kesho ikarudi, ataona sisi ndio waongo.

Lugha yenyewe nayo. Mimi ni wa Tanga. Niliandika faini, Wakongo wengi pale ukumbini wanasema amande. Niliandika Machi, wao husema mwezi ya tatu. Hakuna aliyelalamika, kwa adabu. Ukurasa wa sasa unasomwa kwa sauti na mama mmoja wa Uvira, kwa Kiswahili chake, na rekodi hiyo ndiyo inayosambaa kuliko maandishi yangu.

Kilichofaa ni kidogo, lakini kipo. Kukataa kujaza fomu Novemba kabla ya kujua nafasi ya shemeji kulikuwa sahihi, na sisemi hivyo kwa sababu fomu iliondolewa baadaye. Hata ingebaki, kuapia uongo kungekuwa kubaya kuliko kuchelewa kwa wiki mbili. Kuchukua hatua za benki na mikopo kabla ya kuanza kueleza nani alikosea nako kulisaidia. Na swali lile la "duka likiuzwa leo" tumeendelea kulitumia kwa kila mtu anayefungua kampuni na ndugu.

Kwa Mama Duka swali hilo lilibaki hata baada ya kanuni kuondoka. Simu ya Aprili, ile ya kumweleza shemeji kwamba taarifa zake zimetoka, iliishia kwenye ugomvi, kisha kikao cha familia, kisha karatasi moja ya kurasa mbili waliyoitia saini juu ya friji la samaki: mkopo, si hisa, unalipwa kidogo kidogo kila mwezi hadi uishe. Nilikuwepo kama shahidi. Shemeji alisoma mara mbili, akauliza kama na hii nayo inatumwa FinCEN.

"Hapana," Mama Duka akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Hii ni yetu."